Saa Arobaini za Wakili Fulgensi

Nchi ya Kadhalika haipo. Natanguliza hilo nisije nikaitwa mahali. Msomaji akikuta humu afisa anayefanana na shemeji yake, amlaumu shemeji yake. Mimi ni mjane, jina langu Leokadia, nimesoma hadi darasa la saba, Jumapili nipo kanisani benchi la tatu kutoka mbele. Uongo sina mazoea nao, isipokuwa ule mmoja nitakaousimulia, ambao nimeshautubu kwa padri kabla ya kuuandika.

Huko Kadhalika Serikali inawapenda sana mawakili, na kwa sababu ya mapenzi hayo hairuhusu waache kusoma. Daktari akimaliza chuo amemaliza. Mwalimu vivyo hivyo. Wakili peke yake ndiye anayetakiwa kila mwaka apate alama arobaini za elimu endelevu, alama moja kwa kila saa ya kukaa. Asiyefikisha arobaini si wakili tena mpaka azifikishe, hata kama babu yake aliiandika sheria yenyewe.

Siku ya kuuzindua utaratibu huo Waziri alihutubia kwa saa tatu, na mawakili wakahesabiwa alama tatu.

"Ndugu wananchi," alisema, "zamani tulipima elimu kwa mitihani. Mitihani ikatuaibisha. Leo tunapima kwa joto! Mtu anaweza kuiga jibu la mwenzake, lakini nani kati yenu amewahi kuiga joto la mwenzake? Kiti chenye joto hakisemi uongo!"

Watu tulipiga makofi. Jambo ambalo hulielewi ukilipigia makofi linapita upesi.

Basi akateuliwa Mkaguzi Mkuu wa Viti, akapewa gari na bendera ndogo. Kazi yake ni kupita ukumbini kila baada ya saa moja, kuwasimamisha wasomi, na kugusa kila kiti kwa nyuma ya kiganja, kama mama anavyompima mtoto homa. Kiti cha moto, alama. Kiti baridi, hakuna alama na jina linasomwa kwenye redio.

*

Sasa nieleze jambo langu.

Mume wangu, marehemu Venansi, alikuwa fundi mwashi. Nyumba yetu aliijenga kwa mikono yake, tofali kwa tofali, na alipokuwa anakata roho aliomba azikwe uani, nyuma ya jiko, karibu na ukuta aliousifu kuliko yote. Tukamzika hapo. Kila asubuhi nikiwasha moto namsalimia.

Jirani yangu wa upande wa barabarani ni Bwana Sururu, mwenye hoteli. Hoteli yake ina vyumba tisini na haina mahali pa kuegesha magari. Siku moja akagundua kwamba kiwanja changu ni chake. Aligundua kwa ramani, nayo ramani ilikuwa bado haijakauka wino. Akanishtaki niondoke.

Sikuogopa, maana nilikuwa na wakili, tena wa kwangu. Fulgensi Mbawala ni mtoto wangu wa ubatizo. Mimi ndiye niliyemshika mbele ya altare. Padri alipouliza kama mtoto anamkataa shetani na mambo yake yote, mtoto alikuwa amelala, nikajibu mimi kwa niaba yake: anamkataa. Alipokuwa anasoma sekondari alikula kwangu miaka minne. Akipita hukohuko uani alikuwa anavua kofia kwa ajili ya Venansi, bila kuambiwa.

Nilipompelekea hati ya mashtaka aliisoma amesimama, akacheka.

"Mama, huyu Sururu anacheza. Kesi hii naimaliza kabla ya Kwaresima."

"Nikuamini, baba?"

"Umwamini nani tena, Mama?"

Akanipa karatasi nitie sahihi. Nikamwambia, "Fanya utakavyoona inafaa." Maneno hayo niliyatamka kwa mdomo wangu, na sina wa kumsingizia.

Wiki iliyofuata akaja nyumbani jioni, anatoka jasho.

"Mama, nina shida ndogo. Semina ya alama inaanza Jumatatu, siku nane, saa tano kila siku. Na mimi lazima niikimbilie kesi yako. Nikikaa kule, nani atafuatilia? Nisipokaa, leseni inalala, na nani atakusimamia?"

"Sasa tufanyeje?"

"Ukanikalie."

"Nikukalie wapi, Fulgensi?"

"Kwenye kiti. Namba sitini na mbili. Wewe kaa tu, saini jina langu kwenye daftari la mahudhurio, kunywa chai. Hakuna anayeuliza."

"Baba, huo si uongo?"

Akanishika mikono miwili. "Mama, pale kanisani nilikuwa na mdomo wangu, na bado hukunijibia wewe? Ulinijibia kwa Mungu. Leo unashindwa kunijibia kwa Mkaguzi wa Viti?"

Nawaambia, hoja ile ilinibana. Nilikwenda kusali rozari nzima kutafuta jibu lake nikakosa. Jumatatu nikavaa kitenge changu cha misa, nikaenda kuwa Wakili Fulgensi.

*

Niliingia ukumbini. Nilidhani nitakuta mawakili mia mbili watakaonitazama kwa miwani. Nikakaa namba sitini na mbili, nikasaini, nikaangalia kulia. Kulia kwangu palikuwa na mwanamume mwenye mafuta ya gari kwenye kucha.

"Msomi, nisogezee sukari," akaniambia.

Nikamsogezea.

"Wewe ni msomi wa nani?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Wa Fulgensi Mbawala. Na wewe?"

"Mimi ni msomi wa yule mnene mwenye ofisi juu ya benki. Namwendesha mwaka wa nane huu. Naitwa Kizito. Alama nimepata mia mbili na themanini, msomi. Kwa haki ningekuwa jaji."

Aliponionyesha ukumbi nikaona. Mstari wa mbele walikuwa wapishi watatu na kinyozi. Nyuma yao shangazi wa wakili mmoja alikuwa anafuma kitambaa. Kona ile alikaa mlinzi na virungu vyake viwili, kwa kuwa alikuwa anawakalia mawakili wawili, saa hii kiti hiki, saa ijayo kile.

Wakili wa kweli alikuwepo mmoja. Mzee, amekuja mwenyewe kwa sababu hakuwa na mtu wa kumtuma. Siku ya pili alinyoosha mkono akamuuliza mkufunzi swali. Ukumbi mzima ukageuka. Mkaguzi akamfuata.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni wakili."

"Wakili gani anauliza maswali? Umetumwa na nani?"

Wakamtoa nje kama tapeli. Kiti chake kilisomwa baridi kwenye redio jioni ile.

Mimi nilikuwa na shida moja: sijui kukaa bila kusikiliza. Mwalimu wangu wa darasa la tatu alikuwa anachapa. Nikachukua daftari langu la jumuiya, lile la majina ya wagonjwa wa kuombewa, nikaligeuza nyuma nikaanza kuandika. Mkufunzi alikuwa akisoma kwa haraka, hamtazami mtu, kama anayemaliza adhabu. Lakini aliyokuwa anasoma yalikuwa mambo ya kweli. Siku ya tatu nikaandika: Kanuni ya kumi na nne, wakili asiye na alama zake mwenyewe si wakili, na lolote alilotia sahihi halina nguvu, ni karatasi ya kufungia karanga.

Kizito alichungulia. "Msomi, unaandika? Utatuponza."

"Naandika kwa ajili ya mwanangu, akirudi ayasome."

"Atarudi kutoka wapi?"

"Anashughulikia kesi yangu."

Kizito akanitazama kidogo. "Msomi, mahakama zote zimefungwa siku hizi nane. Si tuko semina?"

Nilicheka, maana nilijua mwanangu ni mjanja, pengine anajiandaa. Nikarudi kwenye daftari.

*

Siku ya nane somo la mwisho liliitwa "Maridhiano ya Kisasa." Mkufunzi alichangamka kwa mara ya kwanza.

"Wasomi, maridhiano hayahitaji mahakama kufunguliwa. Yanahitaji mawakili wawili na muhuri, na muhuri haukwenda semina. Adui mkubwa wa maridhiano ni mteja. Mteja akijua, analia. Akilia, kesi inarefuka. Tazameni mfano huu mzuri uliosainiwa Jumatano iliyopita."

Akagawa nakala. Majina yalikuwa yamefutwa kwa wino mweusi, kwa heshima ya siri za mteja. Nikasoma taratibu, kidole chini ya mstari, kama nilivyofundishwa. Nyumba ya matofali, mlango wa bluu. Jiko la nje. Nyuma ya jiko, kaburi moja, ambalo litahesabiwa kuwa ni samani isiyohamishika. Mteja ameridhia kwa moyo mkunjufu kuondoka ndani ya siku thelathini. Chini palikuwa na sahihi ya wakili wa mteja. Hawakuifuta vizuri. Ile F yenye mkia mrefu nilimfundisha mimi, kwenye meza yangu ya kulia chakula.

Jumatano iliyopita nilikuwa hapa, kiti namba sitini na mbili, namtilia joto.

"Angalieni unadhifu wake!" mkufunzi alisema. "Mteja hakusumbuliwa hata kidogo!"

Wasomi wakapiga makofi. Na mimi, Mungu anisamehe, mikono yangu ilikuwa imeshagongana mara mbili kabla sijaizuia.

*

Ofisini kwake nilimkuta anakula. Alisimama, akanivutia kiti.

"Mama! Alama zimetimia? Nilijua huwezi kuniangusha."

Nikaweka nakala juu ya meza, pembeni ya sahani yake. Hakushtuka. Hilo ndilo lililonimaliza. Angeshtuka, ningempenda kidogo.

"Aa, hili," akasema, akafuta mikono. "Nilitaka nikuambie polepole. Mama, nimekupunguzia mzigo. Kesi kama hizi zinaua watu. Ungezeeka kwenye korido za mahakama."

"Lini mimi niliridhia?"

"Uliniambia nifanye nitakavyoona inafaa. Nimeona inafaa."

"Na Venansi?"

"Bwana Sururu ni mtu muungwana. Ataweka alama ya rangi ya njano pale, madereva wajue."

"Wewe Fulgensi, ulikuwa unavua kofia pale."

Akarudi kwenye chakula chake. Kisha akasema jambo nililolisikia kwa masikio yangu: "Mama, wakati ule sikuwa mwanasheria wa hoteli."

Nilitoka bila kuaga. Barabarani sikulia. Nilikuwa nahesabu. Alama zake zote arobaini nilizikaa mimi. Za kwake mwenyewe hana hata moja. Kanuni ya kumi na nne ilikuwa imeandikwa daftarini kwa mwandiko wangu, ukurasa mmoja tu nyuma ya majina ya wagonjwa.

*

Mahakama ilipofunguliwa nikaenda peke yangu. Hakimu aliuliza nani ananiwakilisha.

"Najiwakilisha, Mheshimiwa. Nina darasa la saba na saa arobaini."

Watu wakacheka. Bwana Sururu alicheka kuliko wote, na Fulgensi aliyeketi karibu naye alitabasamu kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa akijaribu kutembea.

Nikafungua daftari. Nikasoma Kanuni ya kumi na nne. Nikakiri mbele ya wote kwamba nilikaa kwenye kiti kisicho changu na kusaini jina lisilo langu siku nane, na kwamba ni dhambi, na nimeitubu. "Kwa hiyo, Mheshimiwa, huyu hakuwa wakili siku ile. Aliyoyasaini ni ya kufungia karanga. Naomba nyumba yangu."

Kicheko kilikatika. Niligeuka nikaona mawakili wote wamekuwa weupe, maana kama la Fulgensi ni batili, la nani si batili? Talaka zote za mwaka, mirathi yote, mauzo yote ya viwanja. Mmoja alisimama akatoka, wa pili akamfuata. Hakimu mwenyewe alianza kujipepea kwa jalada. Baadaye nilisikia kuwa kabla ya kuteuliwa alikuwa wakili, na aliyemkalia alikuwa mfanyakazi wake wa ndani.

Wakamwita Mkaguzi Mkuu wa Viti atoe ushahidi. Akaja na bendera yake. Akaapa.

"Kiti sitini na mbili kilikuwa na joto la kuridhisha siku zote nane," alisema. "Tena joto la ibada, tulivu, halipandi halishuki. Nalikumbuka."

"Lilikuwa la nani?"

Akaniangalia, akamwangalia Fulgensi. "Mheshimiwa, kitaalamu, joto lilikuwa la kiti."

Kesi ikaahirishwa wiki moja. Wiki ile Baraza la Elimu Endelevu lilikutana mchana kutwa kila siku, milango imefungwa. Mimi nilifagia uani. Nilimwambia Venansi, "Vumilia, kanuni iko upande wetu." Nilipiga chokaa hata ule ukuta.

*

Siku ya hukumu Hakimu alivaa joho jipya na kusoma bila kuinua macho. Nayaweka hapa kama alivyoyasoma, maana nisingeweza kuyatunga.

"Mahakama imejiuliza: je, daftari la mahudhurio linaweza kusema uongo? Jibu ni hapana, kwa kuwa ni la Serikali. Daftari linasema aliyekaa ni Wakili Fulgensi Mbawala. Je, mjane huyu anasema uongo? Mahakama imemtazama, na imeona ni mcha Mungu. Anasema aliyekaa ni yeye. Maelezo yote mawili ni ya kweli. Kwa hiyo, kwa siku zile nane, mjane huyu ndiye Wakili Fulgensi Mbawala. Maridhiano yalisainiwa na Wakili Fulgensi Mbawala ndani ya siku hizo. Kwa hiyo yalisainiwa na mjane. Mtu hawezi kulalamikia sahihi yake mwenyewe. Nyumba ni ya Bwana Sururu."

Mawakili walikumbatiana kama watu waliotoka kwenye ajali. Kizito, dereva wa yule mnene, alikuwa amesimama mlangoni. Alivua kofia yake.

Na Fulgensi je? Kwa kuwa siku zile hakuwa Fulgensi, hakuna aliyeweza kumuuliza lolote.

Walinitoa nyumbani siku ya Ijumaa. Niliondoka na godoro, sufuria tatu, picha ya Bikira Maria. Jumanne mashine ya kusawazisha ilipita. Kuta za mume wangu zilikataa kwa muda mrefu kidogo. Fundi alikuwa fundi.

*

Huko Kadhalika hakuna lalamiko linalopotea. Mwezi mmoja baadaye, nikiwa nimehifadhiwa kwa dada wa jumuiya, ililetwa barua ya Kamati ya Nidhamu ya Mawakili. Ilisema kuna wakili amemsaliti mteja wake, mjane mmoja, kwa kumwondoa kwenye nyumba bila kumweleza. Mtuhumiwa: Fulgensi Mbawala, ambaye kwa mujibu wa hukumu ni mimi. Nifike nijitetee.

Dada wa jumuiya aliniambia nisiende, wataniongezea aibu. Nikavaa kitenge cha misa nikaenda.

Msoma mashtaka alikuwa Fulgensi mwenyewe. Walikuwa wamempa kazi hiyo kwa kuwa ameonyesha uzoefu. Alisoma vizuri, sauti imejaa, kila kosa na tarehe yake, kama anayesoma habari za mtu wa mbali. Akamaliza, akaniangalia juu ya miwani.

"Mtuhumiwa, unakana au unakiri?"

"Nakiri," nikasema. "Yote."

Mwenyekiti akashangaa. "Hutaki kujitetea?"

"Sitaki, Mheshimiwa. Andikeni kila neno. Wakili Fulgensi Mbawala alilishwa na yule mjane miaka minne. Aliaminiwa. Alimdanganya, akauza kaburi la mume wake kwa mwenye hoteli, kisha akaendelea kula. Ni kweli tupu. Naomba adhabu ya juu kabisa."

Karani aliandika. Mwenyekiti akanong'onezana na wenzake, akagonga meza.

"Kamati imeguswa na ukweli huu. Kwa kukiri kwake mwenyewe, jina la Fulgensi Mbawala linafutwa leo kwenye orodha ya mawakili, milele."

Somo la siku ya sita lilikuwa la adhabu: kinachofutwa ni jina. Siku ile mimi nilikuwepo. Yeye hakuwepo.

Nilimwona akielewa. Akalisoma tena jina juu ya karatasi ya mashtaka.

"Mwenyekiti, samahani, ngoja kwanza! Hilo jina ni langu!"

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni Fulgensi Mbawala!"

"Fulgensi Mbawala amesimama pale na amekwisha kukiri," Mwenyekiti alisema. "Karani, huyu bwana ni nani? Kwa nini ana joho?"

Walimvua joho hapohapo, kwa adabu, mkono mmoja baada ya mwingine.

Alinifuata hadi kwenye ngazi. Hakuniita Leokadia wala mtuhumiwa. Aliniita mama, akakaa kwenye ngazi ya chini, akalia kwa sauti, mtu mzima na tai yake. Nilimtazama. Nilitaka kumfuta machozi kama zamani, na kanga nilikuwa nayo. Mkono ukakataa.

Nyumba sikurudishiwa. Ule mkono nimeuungama mara tatu, na padri anasema nimeshasamehewa. Ila mimi nikisali nasikia kimya kirefu kule juu, na simlaumu Mungu. Na Yeye pia anaona magari yanapoegeshwa, juu ya kaburi la Venansi.